Si kila fizi itokayo damu ina kiseyeye

“Daktari, nina kiseyeye, nimeshaanza kula ndimu.” Anayesema hivyo ana afya tele. Namwambia afungue kinywa, nakuta ukoga umegandamana nyuma ya meno ya chini ya mbele, mgumu kama jiwe, na fizi imevimba pembeni yake. Hiyo ni jinjivaitisi, yaani uvimbe wa fizi. Fizi inachokozwa na bakteria wa kwenye ukoga, wala chungwa halihusiki.

Tatizo ni jina. Mtaani kiseyeye ni damu yoyote ya fizi. Kitabibu ni maradhi ya kukosa vitamini C. Vitamini yenyewe imebatizwa kwa maradhi hayo: asidi askobiki, “a” ya kukanusha mbele ya skobutasi, jina la Kilatini la kiseyeye. Wanasayansi Albert Szent-Györgyi na Norman Haworth ndio walioipa jina hilo mwaka 1933. Kabla yao, mwaka 1747, James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye wawili wawili, akawapa tiba tofauti. Waliokula machungwa na malimau wakapata nafuu ndani ya siku chache. Lakini wale walikuwa wamekaa baharini wiki nyingi bila tunda wala mboga mbichi. Wewe jana umekula kachumbari, leo embe! Kiasi cha miligramu 10 kwa siku kinatosha kuzuia kiseyeye, na pera moja tu linazidi hapo mara kadhaa.

Mwenye kiseyeye cha kweli huwa hoi: miguu inauma, vidoa vya damu vinatokea kwenye vinyweleo vya miguuni, vidonda havifungi. Haji kwangu akitembea kwa madaha.

Ndimu na chumvi kusugulia fizi? Acha. Asidi inalainisha enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, kisha unaikwangua kwa mswaki.

Kuna waliokwepa kupiga mswaki panapotoka damu. Hapo hapo ndipo pa kupiga, taratibu, kwa mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala.

Eti kusafishwa meno hospitali kunayalegeza. Yalishalegea, ukoga ulikuwa umeyashikilia tu.

Mjamzito fizi zikimvuja, mara nyingi ni homoni zinazozidisha uvimbe wa fizi unaoletwa na ukoga, naye aje kusafishwa.

Ila damu ikitoka puani pia, na ngozi inavilia bila kugongwa, nenda ukapimwe damu leo, wala usisubiri miadi yangu.