Tukikuuliza "uko wapi na nani yuko na mtoto", usikate simu

Wiki hizi za karibuni malalamiko yameongezeka sana kwenye kitengo chetu, na mengi ni ya wazazi wenye watoto wadogo wanaopata huduma ya afya ya akili kwa simu, vidio au meseji. Nimeyasoma yote. Kuna la mtandao kukatika katikati ya kikao, kuna la mnasihi kuchelewa dakika 20 bila taarifa, hayo ni ya kwetu na tunayafanyia kazi. Ila linaloongoza ni hili: "mbona kila kikao mnaniuliza niko wapi, namba ya mtu wa karibu, nani yuko na mtoto, mimi nimekuja kuongea sijaja kuhojiwa." Wengine wanakata hapo hapo. Wengine wanataja sehemu ya uongo, sisi tunaendelea na kikao tukiamini tunajua mtu yuko wapi kumbe hatujui kitu.

Mtu akija ofisini akazidiwa, mimi niko naye chumba kimoja, naona mikono inavyotetemeka, naweza kumshika bega na kumwita mwenzangu wa chumba cha pili. Kwenye simu nina sauti na picha ya uso basi, na namba yako ya simu hainiambii uko nyumba gani. Ndio maana tunauliza, na tunauliza kila kikao hata kama tuliuliza juzi, manake juzi ulikuwa kwako na leo uko kwa dada yako.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Ukishajaza fomu ya ridhaa, mnasihi anaandika mahali ulipo juu kabisa kwenye faili la siku hiyo, anaandika na namba ya mtu wako wa karibu uliyemchagua mwenyewe. Huyo mtu hatumpigii ovyo. Simu ikikatika wakati mnaongea mambo ya kawaida tunakupigia wewe mara mbili, usipopokea tunakuachia meseji, yanaishia hapo. Ikikatika ukiwa umetoka kusema neno la kutaka kufa au kumdhuru mtu, tunakupigia mara mbili, tunasubiri dakika 5, ndipo tunampigia yeye, na tunachomwambia ni sentensi moja tu, "tafadhali mcheki kama yuko salama na umpe simu aongee na sisi." Hatumwambii ulisema nini wala hatumwambii unatibiwa nini. Asipopatikana tunapiga namba ya dharura ya eneo ulilotaja, sasa kama ulitaja eneo la uongo, msaada unaenda kwenye nyumba ya mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniumiza.

Na hili la "nani yuko na mtoto" watu wanalichukulia vibaya kuliko yote. Nieleze kwa mfano, nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane mtu. Mama mmoja alikuwa kwenye vidio, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maziwa, mtoto wa wiki sita mapajani. Tulikuwa tunajaza lile dodoso la maswali 10 wanalolitumia wengi kupima sonona baada ya kujifungua, lilitengenezwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, linauliza umejisikiaje siku 7 zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3. Maswali tisa kajibu vizuri tu. La kumi, lile la wazo la kujidhuru, akanyamaza, macho yakaenda pembeni, akasema "hapana" kwa sauti ambayo sio yake. Kumbe mume alikuwa amesimama nyuma ya kamera. Kama ningekuwa nimeuliza mwanzo nani yuko chumbani na nani anaweza kumshika mtoto kwa nusu saa, tungepanga vizuri, yule baba angechukua mtoto akatoka naye nje kidogo. Kikao cha pili ndivyo tulivyofanya na jibu la swali la kumi likabadilika. Kwa hiyo swali lile ni la kukupa wewe nafasi ya kuongea, na jamani, mzazi anayelia huku kashika mtoto mchanga amechoka mikono na akili, tunataka kujua kuna mtu wa kumpokea.

Nimechoka kidogo na hii habari kwamba ukisema ukweli "watakunyang'anya mtoto". Naisikia kila wiki na inawafanya watu wakae na maumivu miezi na miezi. Sikilizeni. Wazazi wengi wapya hujiwa na picha za kutisha kichwani, mtoto kaanguka ngazi, mtoto kazama kwenye beseni, na tafiti zimeonyesha karibu nusu ya mama wapya wamewahi kupitiwa na wazo la kumdhuru mtoto wenyewe kwa makusudi, wazo wasilolitaka kabisa na linalowaogopesha. Ukiniambia hilo siiti polisi. Nitakuuliza linakuja lini, unafanya nini likija, umelala masaa mangapi, basi tunaanza kazi. Ninachokuwa nakitafuta ni kitu kingine kabisa: mtu ambaye wazo halimtishi tena, analiona la kweli, anasikia sauti inamwamuru, hajalala siku mbili tatu na wala hajisikii kuchoka, anaongea mambo hayashikani. Hiyo ni saikosisi ya uzazi, inatokea kwa mama 1 au 2 katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na hapo hakuna kikao cha vidio, ni hospitali siku hiyo hiyo na mama asiachwe peke yake na mtoto. Inatibika na wengi wanapona wakarudi kulea watoto wao.

Akina baba nao. Takriban baba 1 kati ya 10 anapata sonona kipindi cha ujauzito wa mwenzake au mwaka wa kwanza wa mtoto. Huduma ni yenu pia. Msijiandikishe kwa jina la mke, faili linachanganyikana na dawa zinaweza kuandikwa kwa mtu asiye mwenyewe.

Halafu kuna meseji za usiku. Mtu anaandika saa tisa usiku, mtoto analia tangu saa nne, anasubiri jibu, asubuhi anatuandikia kwamba tumempuuza. Sanduku la meseji linasomwa saa za kazi, imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu na kwenye meseji ya kukukaribisha. Najua hakuna anayesoma ile meseji akiwa hoi, kwa hiyo nasema tena hapa: kwenye hatari ya saa hiyo piga namba ya dharura au nenda hospitali, usiandike meseji ukakaa kusubiri. Na kama ni kilio tu na unahisi mikono inataka kumtikisa mtoto, mlaze chali kitandani kwake, mahali salama pasipo na mito, toka chumbani, funga mlango, kaa dakika chache, mpigie mtu yeyote uongee. Mtoto kulia dakika 10 peke yake hakumuui, kutikiswa kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Kilio kwa kawaida kinapanda mpaka kama wiki ya sita alafu kinashuka, kufika miezi mitatu minne kinakuwa kimepungua sana.

Kuhusu kurekodi. Kurekodi kikao bila ridhaa ya upande wa pili hairuhusiwi, iwe wewe au mnasihi. Mara ya kwanza unapewa onyo la maandishi, mara ya pili akaunti inafungwa na unahamishiwa huduma ya ana kwa ana, huachwi bila msaada. Mnasihi akikurekodi bila kukuomba, andika lalamiko ukitaja tarehe na saa ya kikao, tunamsimamisha kwenye vikao wakati uchunguzi unaendelea. Ukikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa nafasi yako inapewa mwingine na unarudi kwenye foleni, ila mwenye mtoto mgonjwa akituma neno moja tu hata dakika tano kabla hahesabiwi kakosa. Wengi hawalijui hili wanakimbia kwa aibu.

Magrupu ya wazazi yanasaidia, siyapingi, mtu kujua hayuko peke yake ni dawa nusu. Ila usiweke humo majibu ya dodoso lako wala jina la dawa unayotumia, skrinshoti haina mwenyewe, na usiache dawa ghafla kisa mtu humo kasema haziendi na kunyonyesha, zipo zinazoendana na kunyonyesha, muulize aliyekuandikia. Na programu za kulipia soma zinafanya nini na taarifa zako. Mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 kuwarudishia wateja, baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuituhumu kwamba ilipeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kama kampuni kubwa namna hiyo imefika huko, hiki kiprogramu kisicho na anwani wala jina la mtaalamu ukiogope.

Mwisho, kwa wale wanaosema nyumbani hakuna pa kuongelea. Kwenye fomu kuna sehemu ya neno la siri, wengi wanairuka. Chagua neno la kawaida kabisa, mfano "diapers zimeisha". Ukilitamka, mnasihi anajua kuna mtu anasikiliza, anabadilisha maswali yawe ya ndiyo na hapana tu, au anahamia kwenye meseji. Waliokwisha kujiandikisha bila kulijaza, mwambieni mnasihi mwanzo wa kikao kijacho, analiweka pale pale.