Ritifaa ya Ng'washi

Mwezi uliopita mama mmoja alikaa benchini saa nzima kwenye zahanati ya ng'ambo ya ghuba, mwanawe kampakata, kwa sababu kompyuta ilisema mtoto hayumo. Jina lake Ng'washi (nimelibadilisha), na alishaandikishwa tangu kliniki ya kwanza. Karani alitafuta mara tatu, hola. Mfumo ule niliutengeneza mimi, nikapigiwa simu hapa Mwanza.

Jina lilikuwemo. Aliyemwandikisha alitumia simu, na simu ikaweka ritifaa iliyopinda (’), ambayo katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake, ni U+2019. Karani alitumia kibodi ya kompyuta, ikaweka iliyonyooka ('), U+0027. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine hazina hata udugu: katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo kwenye kompyuta, ya kwanza huchukua baiti tatu, ya pili moja.

Watu husema Kiswahili hakina alama za kutusumbua, tofauti na Kikikuyu chenye ĩ na ũ. Irabu zetu kweli hazina alama. Lakini ngoa ni tamaa, na ng'oa ni kazi ya jembe na visiki. Ukiidondosha ritifaa umeandika neno jingine. Na huku Usukumani, ambako majina ya Ng'w- yamejaa kila daftari la shule, tatizo linatugusa kuliko watu wa Pwani.

Hata pesa inaingia hapa. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, mradi zote zimo katika seti ya kawaida ya simu. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Kumbusho la chanjo la herufi 100 linakuwa jumbe mbili, zahanati inalipa mara mbili.

Sasa programu hugeuza kila ritifaa kuwa iliyonyooka, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta pia. Ukifanya upande mmoja tu hujafanya kitu. Nimeondoa vilevile amri ya kukuza herufi za mwanzo, maana ilikuwa ikiandika Ng'Washi, na jina la mtu haliandikwi hivyo.

Kwa haki, ng' ingestahili U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi, si alama ya uandishi. Ningeitumia leo hii, ila sijaona kibodi hata moja hapa mjini yenye kitufe chake.