WAR ni nini, na kwa nini mfumo unaokubali kwenye laptopu unagoma kwenye seva

WAR ni faili moja lililobeba programu nzima ya wavuti iliyoandikwa kwa Java: klasi zilizokwisha kukompailiwa, maktaba zake, kurasa, picha na maelekezo ya kuiwasha. Halina maajabu yoyote. Ni zipu ya kawaida iliyopewa mkia wa .war, ukiibadilisha mkia iwe .zip, itafunguka kama zipu nyingine. Unaikabidhi kwa seva ya programu, mfano Tomcat au WildFly, nayo inaifungua, inaisoma na kuanza kupokea watumiaji.

Wengi wameshatumia mifumo ya namna hii bila kujua. DHIS2, ambayo sekta ya afya Tanzania huitumia kukusanya takwimu za vituo, hutolewa kama WAR. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, nayo hivyo hivyo, na GeoServer wanayoipenda watu wa ramani. Kwa hapa Arusha ongeza mifumo ya kupokea oda za safari iliyoandikwa na vijana wa mjini kwa ajili ya kampuni za utalii, ambayo mara nyingi inakaa kwenye seva moja ya kukodi, na mwenye nywila yake alishahamia Dar.

Malalamiko yake yanafanana. Seva imehamishwa au imesasishwa, msimu wa wageni umeanza, na simu inaita kutoka Njiro: "Kaka, mfumo haufunguki, wageni wanasubiri vocha zao." Aliyeandika programu anaapa kwamba kwake inafanya kazi, na kwa kweli inafanya kazi. Mara nyingi kodi (msimbo wa programu) haina kosa. Kosa liko kwenye mpaka kati ya kile WAR ilichobeba na kile seva ilichonacho tayari, na asiyeujua mpaka huo atazima na kuwasha seva mpaka jioni.

Ukiifungua WAR, kitu cha kutazama kwanza ni folda ya WEB-INF. Ndani yake kuna classes, zinakokaa klasi ulizoandika mwenyewe, na lib, zinakokaa JAR (zipu za klasi za Java) za maktaba ulizoazima kwa wengine. Linaweza kuwemo pia faili la web.xml, lenye maelekezo ya kuiwasha programu, ingawa tangu Servlet 3.0 ya mwaka 2009 si lazima (servleti ni klasi ya Java inayopokea maombi ya kivinjari na kuyajibu). Vilivyomo ndani ya WEB-INF havifikiwi moja kwa moja na kivinjari. Vilivyo nje yake vinafikiwa. Ndiyo maana mtu akiweka folda yake ya lib nje ya WEB-INF anapata hasara mbili kwa mpigo: seva haizioni hizo JAR, na mpita njia yeyote wa intaneti anaweza kuzipakua.

Sasa kuhusu mpaka wenyewe. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu analala kwenye vibanda, Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo wagumu, yaani wabeba mizigo, hawabebi mahema ya kulala. Anayepanda kwa Machame hakuti kibanda. Hema lazima lipande naye. Seva za Java ziko hivyo hivyo. WildFly ni Marangu: inakupa servleti, pamoja na CDI, JPA ikiwa na Hibernate yake (maktaba ya kuzungumza na hifadhidata), huduma za REST na mengine mengi. Tomcat ni Machame: inakupa servleti, JSP, lugha ya semi zake, WebSocket na vichache vingine, basi. Ukiitaka Hibernate, ibebe mwenyewe ndani ya WEB-INF/lib. WAR iliyofungashwa kwa ajili ya WildFly ikipelekwa Tomcat itafika kambini usiku ikiulizia kibanda. Ile ya Tomcat ikipelekwa WildFly inafika na hema mgongoni, na hapo Hibernate mbili za matoleo tofauti zinaweza kuanza kugombana.

Kwenye Maven, chombo cha kujenga na kufungasha programu za Java, uamuzi huu unafanywa kwa neno moja tu, provided. Ukiiandika maktaba hivyo kwenye pom.xml, faili la maelekezo ya Maven, unasema: nitumie wakati wa kukompaili, lakini usinifungashe, seva itanipatia. API ya servleti, yaani klasi za msingi ambazo servleti hutegemea, karibu kila mara inastahili kuwa provided. Kwa anayetumia fremuweki ya Spring Boot na kutoa WAR, spring-boot-starter-tomcat nayo inapaswa kuwa hivyo, la sivyo anaipelekea Tomcat Tomcat nyingine.

Anayesimamia mpaka huu ni klasiloda, yaani sehemu ya Java inayotafuta klasi kwa jina na kuipakia kwenye kumbukumbu. Tomcat huipa kila programu klasiloda yake, ili mfumo wa oda na mfumo wa mishahara vikae seva moja bila kuchanganyiana maktaba. Klasi ikihitajika, Tomcat inaanza na zile za Java yenyewe, kisha WEB-INF/classes, kisha WEB-INF/lib, na mwishoni lib ya seva. API ya servleti inatengwa na utaratibu huo: hiyo hutoka kwa seva siku zote, hata kama umebeba ya kwako.

Kwa Java, utambulisho wa klasi ni jina lake pamoja na klasiloda iliyoipakia. Klasi mbili zenye jina lile lile, kutoka JAR ile ile, zikipakiwa na klasiloda mbili, ni klasi mbili tofauti kabisa. Ndipo unapokutana na ule ujumbe unaokera, ClassCastException, unaosema kitu cha aina fulani hakiwezi kugeuzwa kuwa cha aina hiyo hiyo, jina kwa jina, herufi kwa herufi. Si utani. JAR moja imewekwa sehemu mbili: kwenye lib ya seva na ndani ya WAR. Ondoa moja.

Ukishaelewa hapo, ujumbe mwingine unasomeka. ClassNotFoundException maana yake kuna aliyeiomba klasi kwa jina na haikupatikana popote pale klasiloda inaporuhusiwa kutafuta. NoClassDefFoundError inafanana nayo lakini ina mtego. Wakati mwingine klasi ilikuwepo wakati wa kukompaili na sasa haimo. Wakati mwingine imo, ila ilianguka mara ya kwanza ilipojaribu kujiandaa, na kuanzia hapo Java inakataa kuigusa tena. Ukiona maneno "Could not initialize class", usihangaike kutafuta JAR. Panda juu kwenye logi (faili la kumbukumbu za seva) utafute ExceptionInInitializerError iliyotangulia. Sababu ya kweli iko pale, na mara kadhaa ni jambo dogo kama faili la mipangilio lisilosomeka.

NoSuchMethodError ndiyo inayowachosha watu zaidi. Klasi imepatikana, lakini ni ya toleo jingine lisilo na njia (method) uliyoiita. Kwa kawaida kuna JAR mbili za maktaba moja ndani ya WEB-INF/lib: moja umeileta wewe, nyingine imeletwa na maktaba nyingine bila kukuuliza. Utaratibu wa kupekua JAR zilizomo ndani ya lib hauna uhakika, kwa hiyo laptopu inaweza kuanza na ile mpya na seva ikaanza na ile kuukuu. Hapo ndipo "kwangu inafanya kazi" inapokuwa kweli tupu. Usiamini pom.xml peke yake. Itazame WAR yenyewe:

unzip -l oda.war | grep WEB-INF/lib

Orodha ikionyesha jina moja lenye namba mbili za toleo, umeshampata mwizi. Amri ya mvn dependency:tree itakuambia nani alimkaribisha. Na kama WAR ni safi lakini kosa limebaki, angalia folda ambayo Tomcat iliifungua ndani ya webapps. Kuna watu hunakili faili mpya moja moja juu ya folda ile, na JAR za zamani zinabaki zimejaa mle. Folda hiyo ifutwe yote, programu ikiwa imesimamishwa.

Ugonjwa uliowakumba wengi zaidi miaka hii ni wa javax na jakarta, maneno yanayoanza majina ya klasi za Java. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, yaani viwango vya Java vya mifumo ya seva, kwa Eclipse Foundation, lakini jina javax halikuruhusiwa kuendelea kutumika kwenye viwango watakavyovibadilisha. Kwa hiyo Jakarta EE 9, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ilibadilisha majina: javax.servlet ikawa jakarta.servlet, na nyingine zikafuata. Tomcat 9 inazungumza javax. Tomcat 10 na kuendelea zinazungumza jakarta. Anayesakinisha Debian 12 na kuomba Tomcat anapewa ya 10, anapandisha WAR yake ya zamani juu yake, na kinachofuata kinategemea WAR ilivyofungashwa.

Kama servleti zimeandikwa kwenye web.xml, utapata NoClassDefFoundError ya javax/servlet/http/HttpServlet, angalau kelele. Kama umebeba API ya zamani ndani ya lib, klasi itapatikana, halafu Tomcat itasema servleti yako haigeuki kuwa jakarta.servlet.Servlet. Na kama ulitumia alama ya @WebServlet bila web.xml, hakuna kelele kabisa. Tomcat inatafuta alama ya jakarta, haioni kitu, inawasha programu kwa amani, na mteja wa Njiro anapata 404 kwenye kila ukurasa. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu logi inasema kila kitu kimewaka vizuri.

Dawa ya haraka ni kuiweka WAR hiyo kwenye folda ya webapps-javaee, pembeni ya webapps. Kama haipo, iunde. Tomcat 10 itaibadilisha majina yenyewe na kuipeleka webapps. Dawa ya kudumu ni kubadilisha kodi, na hapo kuna tahadhari: si kila javax inabadilika. javax.sql, javax.naming na javax.crypto ni mali ya Java yenyewe na zinabaki zilivyo. Anayefanya badilisha-zote kwenye mradi mzima ataishia na jakarta.sql.DataSource, kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani.

Kuhusu logi: wengi hufungua catalina.out, logi kuu ya Tomcat, wanakuta "One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file", halafu "Context [/oda] startup failed due to previous errors", na wanakata tamaa. Lakini ujumbe wenyewe umeshakuelekeza. Kuna faili jingine kwenye folda ile ile ya logi, linaloanza na localhost na kufuatiwa na tarehe, na mlolongo mrefu wa kosa lenyewe umo humo. Usome kuanzia "Caused by" ya chini kabisa kurudi juu, maana ya juu kabisa mara nyingi ni ya Spring au fremuweki nyingine ikilalamika kwa niaba ya mwingine.

Mengine ni mepesi. UnsupportedClassVersionError inasema ulikompaili kwa Java mpya kuliko iliyo kwenye seva. Kwenye namba zilizomo kwenye ujumbe huo, 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17 na 65 ni Java 21. Ama pandisha Java ya seva, ama kompaili kwa toleo la chini. Jina la WAR nalo ndilo linalokuwa njia kwenye anwani: oda.war inafunguka kwenye /oda, Oda.war kwenye /Oda, na ROOT.war kwenye mzizi wa tovuti. Faili za picha zilizoitwa Nembo.PNG kwenye diski na nembo.png kwenye ukurasa zitaonekana kwenye Windows ya ofisini na kupotea kwenye Linux ya seva. Na kama programu inashindwa kuhifadhi viambatisho ikisema "Read-only file system" ilhali ruhusa za folda ni sawa, basi pengine Tomcat ni ile iliyosakinishwa kutoka Debian: huduma yake ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) imeifungia isiandike nje ya folda chache, na folda yako inapaswa kuongezwa kwenye ReadWritePaths.

Kuna kosa jingine ambalo Java haina hatia nalo. Unapandisha WAR ya megabaiti mia na zaidi kwa bando la simu, mtandao unakatika katikati, au umeme unaondoka na kuzima ruta. Tomcat, ambayo huichungulia webapps kila baada ya muda mfupi, inaona faili, inajaribu kulifungua, na logi inaandika "zip END header not found", au kwenye Java za zamani "error in opening zip file". Faili limefika nusu. Usipakie moja kwa moja ndani ya webapps. Lipeleke kwanza kwenye folda nyingine ya diski hiyo hiyo, kwa amri ya rsync yenye --partial ili likikatika uendelee pale ulipoishia, endesha sha256sum, inayotoa namba ya utambulisho wa faili, pande zote mbili, na namba zikilingana lihamishe kwa mv. Ndani ya diski moja mv haihamishi data, inabadilisha jina tu, kwa hiyo Tomcat inalikuta faili likiwa zima.