Mwenye Mtandao Akitangaza Mgombea Wake

Katika miezi ya uchaguzi wa Marekani wa 2024, vijana wa Unguja na Pemba waligombana juu ya Trump na Harris utadhani masanduku ya kura yamewekwa Chake Chake. Kitengo chetu cha elimu kwa umma hukutana na ugomvi huo skulini na kwenye mikutano ya shehia, na swali linalorudi ni lilelile: mtu huyu, Elon Musk, ametengeneza magari ya umeme na roketi, ana akili na mali kutushinda sote, akisema fulani ndiye anayefaa, kwa nini tusimsikilize? Ni swali la haki. Anayeliuliza hastahili kuchekwa, anastahili kujibiwa kwa kirefu.

Tuanze na yaliyotokea. Elon Musk aliununua mtandao wa Twitter mwezi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na mwaka uliofuata akaubadilisha jina ukaitwa X. Tarehe 13 Julai 2024, muda mfupi baada ya Donald Trump kupigwa risasi ya sikio mjini Butler, Pennsylvania, Musk alitangaza kumuunga mkono. Hakuishia kwenye maneno. Alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na wagombea wengine wa chama chake cha Republican, na kamati yake ikawa inatoa dola milioni moja kwa siku kwa mtu mmoja miongoni mwa wapigakura waliotia saini waraka wake kwenye majimbo yenye ushindani mkali. Mwezi huohuo wa Julai wawekezaji wa teknolojia Marc Andreessen na Ben Horowitz nao walisimama na Trump. Reid Hoffman, mmoja wa waanzilishi wa LinkedIn, mtandao wa watafuta kazi na waajiri, alisimama na Kamala Harris na kuchangia fedha. Kabla yao, mwaka 2016, mwekezaji mwingine wa teknolojia, Peter Thiel, alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa Republican mjini Cleveland na kumnadi Trump waziwazi. Matajiri hawa basi hawako upande mmoja, na anayekwambia kuwa teknolojia yote ni ya chama fulani hajakwambia kweli.

Tajiri kuwa na mgombea wake si jambo jipya wala si kosa. Ni raia, ana haki. Kinachonitia wasiwasi katika habari ya Musk ni kwamba anayempigia debe mgombea ndiye huyohuyo mwenye uwanja wanaposhindania wagombea wote. Kampuni yake ndiyo inayoamua chapisho lipi lipandishwe juu na lipi lizame, nani afungiwe na nani arudishwe. Akaunti yake wakati ule ilikuwa na wafuasi kiasi cha milioni 200. Zanzibar nzima, kwa sensa ya 2022, ni watu 1,889,773. Mwishoni mwa Julai 2024 aliisambaza video yenye sauti ya bandia ya Kamala Harris, bila kueleza kwamba ilikuwa ya mzaha, ingawa kanuni za mtandao wake mwenyewe zinakataza kusambaza sauti na picha za kughushi zinazoweza kupotosha watu. Mwezi uliofuata, mawaziri watano wa majimbo wanaosimamia uchaguzi walimwandikia barua kulalamikia jambo jingine. Programu ya akili mnemba ya X, Grok, ilikuwa imewaambia watu kwamba muda wa kuingiza jina jipya kwenye karatasi za kura umeshapita katika majimbo kadhaa, na haikuwa kweli.

Je, uungaji mkono wa namna hii unampa mtu ushindi? Hapa watu wengi hukadiria kupita kiasi. Mwezi Aprili 2025, Musk pamoja na makundi yanayofungamana naye walimwaga zaidi ya dola milioni 20 katika uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, na mtu wao akashindwa kwa tofauti ya asilimia 10 hivi. Ujerumani nako alikinadi AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kuanzia Desemba 2024, akafanya mazungumzo na kiongozi wake, Alice Weidel, kupitia X, kisha akauhutubia mkutano wao wa Halle kwa njia ya video. Februari 2025 AfD ilipata asilimia 20.8, karibu mara mbili ya kura zake za 2021. Lakini kura za maoni zilikuwa zikikipa chama hicho takriban kiwango hichohicho kabla ya Musk kufungua mdomo. Mpigakura wa Ujerumani alikuwa na sababu zake za hapo kwao.

Nguvu yao ninaiona pengine. Mtu wa namna hii haamui sana tumchague nani. Anaamua leo tugombane juu ya nini. Akiandika neno moja usiku, asubuhi magazeti ya dunia yanalijibu, na jioni limo kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi waliosoma pamoja Wete. Bei ya karafuu, maji ya mfereji na ajira za vijana husubiri.

Na neno linalosafiri zaidi ni lile linalochoma. Hilo lina sababu ya kibiashara, wala si uchawi. Mitandao hii huishi kwa matangazo, na matangazo hulipa kadiri mtu anavyokaa na simu mkononi. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotoka 2021 zilionesha kwamba kuanzia 2017 alama ya kukasirika ilihesabiwa na mashine yao kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda, katika kuamua nini kisukumwe kwa watu wengine. Baadaye kampuni ilipunguza uzito huo mpaka ukafika sifuri, lakini ilichukua miaka. Watafiti wa chuo cha MIT nao walichunguza habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakaona habari ya uongo ina nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 70 ya kusambazwa kuliko ya kweli. Na waliokuwa wakiisambaza kwa wingi walikuwa binadamu kama mimi na wewe, zaidi kuliko mashine. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka lisomwe mara mbili.

Wazee wetu waliopitia zama za siasa wanajua vyombo vya habari vinavyoweza kuwasha moto. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) viti 9 na chama cha ZPPP viti 3, na kiti cha Chake Chake kikaamuliwa kwa kura moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika ghasia zilizofuata wakauawa watu 68. Magazeti yalikuwepo, makali, na sauti za nje zilikuwepo pia, kwa mfano matangazo ya Kiswahili kutoka Radio Cairo. Hata hivyo msomaji wa Mwongozi alijua anasoma gazeti la upande wa Hizbu, na wa Afrika Kwetu alijua yuko upande wa Afro-Shirazi. Hata ubao wa maskani ya Kisonge pale Michenzani, pamoja na maneno yake makali, kila apitaye anajua ni wa CCM, akasoma akijua hivyo. Programu iliyomo simuni mwako haina bendera. Inakuja na sura ya chombo kisicho na upande, kumbe mwenyewe ana mgombea, ana kesi mahakamani na ana zabuni za serikali anazozitaka.

Hili la zabuni tusilipite upesi. SpaceX, kampuni ya roketi ya Musk, ina mikataba ya mabilioni ya dola na serikali ya Marekani. Tajiri mwenzake Jeff Bezos ana Amazon, duka la mtandaoni, na ana Blue Origin, kampuni ya roketi, nazo zina biashara na serikali hiyohiyo. Gazeti lake la Washington Post lilikuwa limeshaandaa makala ya kumuunga mkono Harris, na Oktoba 2024 ikaamuliwa kwamba gazeti halitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Zaidi ya wasomaji 200,000 walifuta malipo yao. Bezos alieleza kuwa alitaka kulinda imani ya umma kwa gazeti, wengi hawakukubali. Tarehe 20 Januari 2025, Trump alipoapishwa, Musk, Bezos, Mark Zuckerberg wa Facebook na Sundar Pichai wa Google walikuwa wamekaa karibu na familia ya rais. Kwa hiyo unapoliona tangazo la tajiri kuhusu mgombea, au kimya chake, uliza kwanza serikali ijayo ina nini cha kumpa au kumnyima. Jibu hilo halithibitishi kwamba amesema uongo, ila linakupa kipimo.

Kwetu maneno haya hufika yakiwa yameshavuliwa nguo. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na wengi wakawa hawaoni chapisho lenyewe isipokuwa picha yake ya skrini iliyorushwa WhatsApp. Picha ile haina tarehe kamili, haina majibu ya waliopinga, haina maelezo ya wasomaji yanayosahihisha, na kuighushi ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye simu ya kawaida. Hata anayeingia X moja kwa moja hana uhakika anazungumza na nani. Novemba 2025 mtandao huo ulipoanza kuonesha nchi ya kila akaunti, akaunti kadhaa zilizojitambulisha kuwa za wazalendo wa Marekani, wafuasi wakubwa wa Trump, zilionekana kuendeshwa kutoka nchi nyingine kabisa, Afrika na Asia zikiwemo. Kuna kijana wetu aliyebishana usiku kucha na mtu aliyedhani ni Mmarekani.

Mwanzoni mwa Juni 2025 Musk na Trump wakatukanana hadharani, mbele ya dunia nzima. Inaniuma ninapowafikiria jamaa wa huku waliokatiana salamu kwa ajili ya wawili hao. Tajiri akikosana na rafiki yake, ana uwezo wa kuhamia pengine. Sisi tunachota kisima kimoja. Baada ya uchaguzi wa 1995, kuna vijiji vya Pemba ambako watu walichaguana kwa chama madukani, kwenye magari ya abiria, hata mazikoni. Ilibidi tusubiri mpaka tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume wa CCM na kiongozi wa upinzani wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ndipo baadhi ya milango ikafunguka. Watoto waliozaliwa wakati wa uhasama ule walikuwa wameshafika sekondari.

Sheria nayo haimtazami Musk, inamtazama aliyerusha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hutumika Bara na Zanzibar, na anayetiwa hatiani kwa kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Msimamizi wa grupu aliyezoea kusema "nimeletewa tu" asijitegemeze sana kwenye neno hilo. WhatsApp yenyewe huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliokwishapita mikono mingi. Ukiiona, kaa nao kwanza, mtafute mtu wa karibu na tukio, kisha ndipo uamue.

Na kwa uchaguzi wetu wenyewe, usiiulize akili mnemba kituo chako au siku ya kura. Mzanzibari hupiga kura zinazosimamiwa na tume mbili: ya Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani ni ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge ni ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari ni mbili, na kuwemo katika la Tume ya Taifa hakukuhakikishii kuwemo katika la Tume ya Zanzibar. Ikiwa Grok ilikosea tarehe za majimbo ya Marekani, kwa Kiingereza, nyumbani kwao, usitegemee iyajue haya. Nenda ofisi ya uchaguzi ya wilaya yako, uchukue na kitambulisho chako, uangalie jina lako kwa macho yako.