Una fasti klasi? Dhana potofu kuhusu ufadhili wa uzamili, na ukweli wake

Matokeo ya mwaka wa mwisho yakishatoka, swali huwa lile lile kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi: "Nimepata daraja la kwanza, nianzie wapi kutafuta skolashipu?" Ukweli ni kwamba alipaswa kuanza mwaka mmoja kabla. Wanafunzi wazuri wanaokosa ufadhili, kwa ninavyoona, hawaangushwi sana na alama. Wanaangushwa na tarehe, na mambo waliyosikia kwa wenzao wakayachukua kama yalivyo.

"GPA ikiwa kubwa, ufadhili ni wako"

GPA, yaani wastani wa alama zako, inakuvusha mlangoni, basi. Udhamini wa Jumuiya ya Madola, uliopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, unataka angalau daraja la pili la juu. Chevening, wa serikali ya Uingereza, unauliza kuhusu uongozi, mahusiano uliyojenga na watu wa fani yako, sababu ya kuchagua Uingereza na unachokusudia kufanya ukirudi. Mwenye 4.6 aliyejibu maswali hayo kwa sentensi za kunakili atapitwa na mwenye 3.7 anayeeleza mradi wa maji alioufuatilia kijijini kwao hadi ukaisha.

Halafu hiyo GPA yenyewe haisomwi sawa kila mahali, na hapa wengi hujiumiza wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatumia kipimo cha 5.0: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni la pili la juu. Makerere nao wanatumia 5.0, lakini la pili la juu linaanzia 3.6. Kwa hiyo 3.5 hiyo hiyo ukivuka mpaka inashuka daraja. Kenya wengi wanakwenda kwa asilimia, 70 na kuendelea ni daraja la kwanza. Marekani kipimo ni 4.0. Ukiandika "GPA 3.9" bila kusema ni kati ya ngapi, msomaji wa Boston atadhani umekaribia ukamilifu, kisha akiona transkripti ataanza kukutilia shaka. Andika 3.9/5.0 kila mara, hata kama fomu haijauliza.

Ujerumani ndiyo inayowatisha watu zaidi, maana kule mambo yamegeuzwa: 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Vyuo vyao vingi hubadili alama za nje kwa hesabu inayoitwa fomula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, toa uliyopata wewe. Jibu ligawanye kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 4.0 ya Dar es Salaam, ambako kufaulu kunaanzia 2.0, anapata 2.0. Mwenye 3.5 anapata 2.5, na programu nyingi za uzamili huweka mstari wao hapo hapo au jirani yake. Fanya hesabu hiyo kabla hujajikatia tamaa, na pia kabla hujapoteza mwezi mzima ukiomba programu inayotaka 1.8.

Wa udaktari wa binadamu msihangaike na haya ya madaraja. Shahada ya MD kwetu Tanzania haina daraja. Omba barua ya chuo inayoeleza hivyo, uiambatanishe.

"Subiri kwanza cheti"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu mwaka mzima. Mwanafunzi anamaliza Julai, matokeo yanatoka, mahafali ni Oktoba au Novemba, cheti anakipata baadaye. Akisema atulie mpaka akishike mkononi, madirisha mengi ya masomo ya Septemba inayofuata yatakuwa yamefungwa au yako ukingoni. Chevening kwa kawaida hufungua Agosti na kufunga kati ya Oktoba na Novemba. Madola huwa Septemba hadi Oktoba. Programu za Erasmus Mundus, zile zinazokusomesha katika nchi mbili tatu za Ulaya, nyingi hufunga kati ya Oktoba na Januari, na kila programu ina tarehe yake. China huanza kupokea kuanzia karibu Januari. Japani, kwa ufadhili wa serikali yao wa MEXT unaopitia ubalozi, ni karibu Aprili hadi Juni. Tarehe zenyewe husogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiamini bango la mwaka jana linalosambazwa tena likiwa limefutwa mwaka.

Erasmus Mundus wengi wanapokea mtu aliye mwaka wa mwisho, almuradi atamaliza kabla masomo hayajaanza. Anachotuma ni transkripti ya semista zilizokwisha pamoja na barua ya chuo inayosema lini anatarajiwa kumaliza. Barua hiyo inatoka ofisi ya usajili, na ofisi hiyo haijui kwamba una haraka. Iombe mapema, semista ikiwa bado changa, kabla foleni ya wenye sapu na wenye kufuatilia matokeo yaliyopotea haijajaa.

Upande wa pili wa dhana hii ni wale wanaoomba kila kitu mara tu wanapomaliza. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao wao wanauhesabu kuwa ni miaka miwili. Programu za masomo ya maendeleo za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, zinazojulikana kama EPOS, nazo zinataka miaka miwili kazini, lakini shahada yako kwa kawaida isiwe imezidi miaka sita. Huo ndio upana wa dirisha lako kwa Wajerumani: usiwahi sana, usichelewe sana. Skolashipu ya Rhodes, ya kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, inawatazama vijana wa miaka ya mwanzoni ya ishirini, na siku hizi kundi la Afrika Mashariki linajumuisha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Kwa hiyo mwenye daraja la kwanza anayemaliza sasa ana orodha mbili tofauti, ya kuomba mwaka huu na ya kuomba baada ya kufanya kazi. Anayezichanganya huandikiwa kukataliwa na watu ambao hata insha yake hawakuifungua.

"Tarehe ya mwisho ni ile iliyoandikwa kwenye tangazo"

Iliyoandikwa ni ya mfumo kufungwa. Tarehe yako wewe inatangulia hiyo, na wakati mwingine zipo mbili.

Tazama Madola. Kwa miaka mingi mwombaji wa Tanzania amepaswa kupitia pia chombo cha taifa kinachopendekeza majina, yaani Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, nacho huweka tarehe yake, inayotangulia ile ya London, unakoendeshwa udhamini huo. Anayesoma tangazo la London tu anafika wizarani wenzake wakiwa wamekwisha kuchambuliwa. Ukiona neno lolote linaloashiria wizara, ubalozi au chuo kinachopendekeza, tafuta tarehe yao kwanza.

Kisha kuna saa. Tuseme tangazo limeandika 12:00 UTC. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa tisa alasiri. Kwa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa nane mchana. Wapo wanaoisoma kama saa sita usiku, wanaingia kwenye mfumo baada ya chakula cha jioni na kukuta umefungwa tangu mchana. Ikiwa imeandikwa 16:00 saa za London, angalia tena ni mwezi gani: katikati ya Oktoba Waingereza bado wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Novemba wamekwisha kurudisha saa nyuma, na 16:00 ile ile kwetu inakuwa saa moja usiku. 23:59 ya Berlin wakati wa baridi ni saa saba na dakika 59 za usiku hapa kwetu, dakika chache kabla ya saa nane. Hiyo ni nafuu kwako, ingawa sikushauri uitumie. Intaneti ya hosteli huijui itakavyoamka siku hiyo, na mfumo ukielemewa na maelfu ya watu hauna huruma na mtu wa Buguruni wala wa Jakarta.

Mimi humwambia kila anayeniuliza atume siku saba kabla. Sababu ni ya kawaida tu: mara nyingi kinachogoma ni faili. PDF ya transkripti ina ukubwa usiokubalika, au jina la kwenye cheti cha kuzaliwa linatofautiana herufi moja na la kwenye pasi. Jina likitofautiana utahitaji kiapo cha wakili, na hicho hakipatikani saa mbili usiku.

"Tafuta profesa mwenye jina kubwa akuandikie"

Barua ya mkuu wa kitivo anayesema tu kwamba "alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" haina uzito. Mhadhiri kijana aliyesimamia tasnifu yako anaweza kuandika kwamba ulirudia kukusanya data baada ya kugundua dodoso lina swali linalopotosha. Huyo ndiye wa kumfuata. Mpe mwezi mmoja, mpe transkripti, rasimu ya insha yako na maelezo ya ufadhili wenyewe, na umkumbushe kwa adabu wiki moja kabla. Baadhi ya mifumo humtumia yeye kiungo moja kwa moja, kwa barua pepe ya chuo, na kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye folda ya taka. Mpigie simu uhakikishe amekiona. "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu" haijamuudhi mtu bado.

"Bila IELTS usijisumbue"

IELTS ni mtihani wa kupima Kiingereza, na kama unahitajika inategemea. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine hukupa nafasi kwanza kwa sharti la kuleta matokeo baadaye. Uliza kabla ya kulipa. Na usifanye mapema mno, kwa sababu matokeo ya IELTS huhesabika kwa miaka miwili tu.

"Shahada ya heshima ni ile ile popote"

Kwetu, na Kenya na Uganda, neno Honours kwenye cheti linakwenda pamoja na daraja ulilopata. Afrika Kusini ni mwaka mzima wa masomo unaofuata shahada ya miaka mitatu, na uzamili wao unajengwa juu ya mwaka huo. Mhitimu wa BA ya miaka mitatu kutoka Tanzania anaweza kuambiwa aanze na mwaka huo kwanza, jambo linalobadilisha bajeti na urefu wa ufadhili. Marekani ni kitu kingine tena: programu ndani ya chuo kwa wanafunzi waliochaguliwa. Ukijaza fomu yao, usiseme ulikuwa kwenye programu ya namna hiyo kwa sababu tu cheti chako kina neno hilo.

"Chuo kitanibakiza nifundishe"

Zamani wa kwanza darasani alikuwa akiitwa ofisini. Siku hizi nafasi za mkufunzi msaidizi (tutorial assistant) kwenye vyuo vya umma Tanzania hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, mara nyingi zikiwa na wiki mbili tu za kuomba, na kiwango kinachotajwa sana ni GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza. Unashindana na waliomaliza miaka mitatu iliyopita na waliosoma vyuo vingine. Akaunti yako kwenye mfumo wa ajira iwe imekamilika kabla tangazo halijatoka, kwa sababu wiki mbili hazitoshi kuanza kuhangaika na vyeti.

"Ukiombwa pesa yoyote, ni utapeli"

Nusu ya kweli. Chevening, Madola, DAAD na Erasmus Mundus hawatozi ada ya kuomba. Lakini vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya maombi, ingawa vingine huiondoa ukiandika kuomba msamaha huo. Na Ujerumani vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, inayotoza yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linaloongezeka katika muhula huo huo. Hizo ni pesa halali, zinalipwa kwao moja kwa moja kwenye tovuti yao.

Anayekutaka laki kadhaa "akuwekee nafasi" ya Chevening anakuuzia fomu ambayo iko wazi kwa kila mtu. Akikuandikia na insha, ubaya unazidi: kwenye usaili utaulizwa juu ya uongozi wa mtu usiyemjua, katika mradi usiowahi kuuona.