Je, simu huchungulia kete zako za dhumna?

Kwa kinyozi mmoja hapa Kondele, Kisumu, kuna benchi la kungojea zamu, na juu ya benchi hilo simu ilinipiga dhumna mbele ya watu. Dhumna ndiyo domino. Watu wa Pwani huicheza barazani wanne wanne, wakizigonga kete mezani hadi kahawa inamwagika. Sisi huku tulikulia ajua, mchezo wa mbegu na mashimo ulio ndugu wa bao, na drafti, kwa hiyo wengi wetu dhumna tumekutana nayo kwenye simu, dhidi ya mpinzani asiye na uso.

Mlangoni hukaa mzee fundi viatu, bingwa wa ajua, na sote humwita Jaduong'. Aliutazama mchezo wangu mwanzo hadi mwisho, kisha akatoa hukumu: "Hiyo simu inakuchungulia. Yenyewe ndiyo inagawa, yenyewe ndiyo inacheza. Utashindaje?"

Swali lake si la kupuuzwa. Mchezo wenyewe ulikwenda hivi. Kete za dhumna ni 28. Kila kete ina pande mbili, na kila upande una nukta kuanzia sifuri hadi sita, hivyo kila namba inapatikana kwenye kete saba. Mkicheza wawili, kila mmoja anachukua saba, na 14 zinalala kifudifudi. Katika mtindo tuliocheza hakuna kuokota zilizolala: ukikosa cha kuweka, unapita. Mwenye sita-sita ndiye anayeanza, na siku hiyo nilikuwa nayo mimi.

Nikaweka sita-sita. Simu ikajibu kwa sita-tatu. Nikaweka tatu-tatu, nayo ikaweka tatu-tano. Nikahamia upande wa pili na sita-moja, simu ikaunga moja-mbili. Sasa mstari una ncha mbili, tano huku na mbili kule. Natazama kete zangu nne: tano sina, mbili sina. Nikapita. Simu ikaweka tano-tano. Nikapita. Ikaweka mbili-mbili. Nikapita. Ikaweka tano-mbili, ncha zote zikawa mbili, na benchi zima likaanza kucheka hata kabla sijabonyeza. Nikapita. Ikamaliza kwa mbili-nne, mimi nikabaki na kete zangu nne vilevile, sikuwa nimegusa hata moja.

Ukiona hivyo ni rahisi kuapa kwamba umeibiwa. Lakini hebu tukae upande wa simu, pale ilipokuwa inafikiria kuweka ile moja-mbili. Ikishaiweka, itabaki na kete nne, na zote nne zina tano au mbili. Katika seti nzima, kete zenye tano au mbili ni 13 (si 14, maana tano-mbili ni ileile moja). Mbili kati ya hizo zitakuwa mezani, nne inazo yenyewe, kwa hiyo kwingine zimebaki saba tu. Kete ambazo simu haizioni ni 18, yaani nne zangu na 14 zilizolala, na zile saba zimetapakaa humo. Haikuwa na haja ya kujua nina nini. Ilichokijua ni kwamba ncha zikiwa tano na mbili, yenyewe haitakosa cha kuweka hivi karibuni, na mimi ndiye nitakayehangaika.

Kisha nikapita, na hapo ndipo nilipojianika. Ukichagua kete nne kutoka kwenye 18 unapata migao 3,060 inayowezekana. Nilipopita, zile saba zote zilifutwa, zikabaki kete 11, na hizo hutoa migao 330 tu. Neno moja, "napita", lilifichua karibu tisa ya kumi ya siri yangu. Mchezaji mzuri wa Mombasa hulisikia neno hilo kama simu inavyolisikia. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kulisahau akiitiwa kahawa.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Ukigawa 330 kwa 3,060 unapata kama 11 kwa mia. Huo ndio ulikuwa uwezekano wa mimi kukosa tano na mbili kabisa. Simu ilicheza vizuri, halafu ikapata bahati. Jaduong' hakutaka kulisikia neno bahati.

Programu nzuri zaidi hazikomei kwenye kuhesabu namba. Inapofika zamu yake, programu inabuni mgao mmoja kati ya ile inayowezekana, inajifanya ndio niliouficha, inaucheza mchezo hadi mwisho kimoyomoyo, inaandika nani ameshinda. Inabuni mwingine, na mwingine. Simu ya kawaida inaweza kurudia hivyo mara maelfu kabla hujamaliza kupiga chafya, kisha inaweka ile kete iliyoshinda mara nyingi zaidi katika michezo hiyo ya kufikirika. Njia hiyo huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kasino kule Monaco, na aliyeianzisha alikuwa mgonjwa anayepona. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akicheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Hesabu zikamshinda kwa wingi, akaona ni nafuu kuzichanga karata mara mia moja na kuhesabu ushindi. Wazo hilo alilipeleka kwa mwenzake John von Neumann, na likaishia kwenye kompyuta za kwanza, zikilitumia kwa mambo mazito kuliko karata.

Mkiwa wanne ugumu unapanda ghafla: kete 21 usizoziona zinaweza kugawanyika kwa wenzako watatu kwa njia 399,072,960. Hakuna anayezipitia zote, wala hakuna haja. Sampuli nzuri inatosha.

Nilimweleza Jaduong' haya akiwa anashona soli, akaniambia kwamba mchezo wa haki ni ule ambao kila kitu kiko wazi, kama ajua. Ana hoja, ila kwa kompyuta uwazi ndio kilema cha mchezo. Ndugu yake ajua anayechezwa Afrika Magharibi, oware, alimalizwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa chuo kikuu cha Vrije, Amsterdam. Kompyuta zao zilipitia hali 889,063,398,406 za mchezo, na jibu likatoka: wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Drafti ya Kiingereza nayo ikafuata mwaka 2007, kazi ya Jonathan Schaeffer na wenzake Kanada, jibu likiwa lilelile, sare. Katika michezo hiyo mashine iliyokamilika haipigwi, hata uiwekee bingwa wa soko zima la Kibuye hapa Kisumu. Dhumna haiko hivyo. Kete zikishalala kifudifudi, mashine kamili kabisa bado itakufungulia ncha uliyokuwa ukiiombea, kwa sababu ilikisia kwa busara na bado ikakosea. Binafsi naiona hiyo ndiyo haki.

Lakini je, simu *inaweza* kuchungulia? Inaweza, na hapo nampa Jaduong' alama zake. Programu inayozichanga kete ndiyo inayozihifadhi, zangu na zake, ndani ya kumbukumbu ileile. Aliyeiandika anatakiwa kuweka ukuta: sehemu inayocheza isipewe kingine ila kete zake, zilizo mezani, na nani alipita wapi. Asipouweka, wewe uliyekaa benchini huoni tofauti. Na kile kiwango cha "rahisi" au "ngumu" unachokichagua mwanzoni mara nyingi ni ujanja mdogo tu. Kwenye rahisi programu hutupa kete yoyote inayoingia, au hukimbilia yenye nukta nyingi bila kufikiria.

Kuchungulia ni vigumu kukamata kwa macho, ila ugawaji unapimika. Anayegawiwa kete saba kati ya 28 anastahili kuipata sita-sita mara moja katika kila michezo minne. Kwa hiyo katika michezo mia, simu ianze kwayo kama mara 25, wewe kama 25, na iliyobaki sita-sita iwe imelala. Ikipungua au kuzidi kidogo hakuna neno. Simu ikiipata mara 45, hapo kuna mtu wa kuulizwa.

Jaduong' ameichukua kazi hiyo. Ameazima simu ya kinyozi na ubao wake wa ajua, na kila mchezo unapoanza anatupa mbegu: shimo moja la simu, moja lake, moja la iliyolala. Hadi jana jioni alikuwa amepita mchezo wa thelathini. Nilipoinama kuangalia mashimo, akayafunika kwa kiganja.