Konokono hazaliwi na kichocho

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha shehia moja hapa Unguja, mzee mmoja alinyanyuka akasema: "Mwageni dawa, konokono wafe, kichocho kiishe." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na inaniuma kila mara, kwa sababu mwanadamu hatajwi.

Konokono huanguliwa akiwa safi. Kichocho anapewa na sisi. Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai ya minyoo huanguliwa majini, na vijidudu vinavyotoka vina saa chache tu za kumpata konokono kabla havijafa. Kimoja kikimwingia, kinazaana humo ndani, na baada ya wiki kadhaa anaanza kutoa vimelea kwa maelfu, vinavyompenya mtu ngozini akiwa majini. Pasipo mkojo, huyo ni konokono tu.

Tena si konokono yeyote! Wale wakubwa wa bustanini mnaowamwagia chumvi hawahusiki kabisa. Unguja na Pemba msambazaji ni Bulinus globosus, wa maji baridi. Nduguye, Bulinus nasutus, huku hakipitishi, lakini Usukumani ndiye anayekieneza kwenye madimbwi ya msimu, na kiangazi hujificha topeni akisubiri mvua. Kumtambua Bulinus, shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukutazame: utauona upande wa kushoto. Kuwatenganisha ndugu hawa wawili kwa macho ni kazi nyingine. Mimi bila kipimo cha vinasaba siapi.

Niklosamaidi, hiyo dawa ya kumwaga majini, inaua konokono, na samaki pia. Ila Bulinus ni dume na jike kwa pamoja. Mmoja akisalia chini ya jani la toro, bwawa litajaa tena.

Kati ya 2011 na 2017 visiwa hivi vilifanya jaribio: shehia nyingine zilipewa prazikuanteli, dawa ya kutibu watu, peke yake, nyingine zikaongezewa kuua konokono, nyingine elimu ya kubadili tabia. Kichocho kilipungua kote, lakini tofauti baina ya makundi haikuwa kubwa. Matokeo hayo bado yananisumbua, maana miaka yangu mingi imepita nikichota konokono kwa wavu.

Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Nikimweka Bulinus aliyeambukizwa kwenye glasi ya maji juani, baada ya muda naona chembe nyeupe zikipandashuka. Saa hizo hizo watoto wako mtoni, na mama zao wanafua. Nilipomwomba mmoja wao aache kufulia pale, alinyoosha kidole kuelekea bomba la mtaa, kavu.

"Nitoleeni maji pale, mwanangu, huku sitarudi."

Sikuwa na la kumjibu.